Hesabu Moja, Hataza Mbili

Tarehe 1 Juni 1983 watafiti wawili wa IBM, Victor Miller na Mark Wegman, walipeleka ombi la hataza (patent), yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie alichobuni, katika ofisi ya serikali ya Marekani. Tarehe 20 mwezi huo huo mtu mwingine kabisa, Terry Welch wa kampuni ya Sperry, akapeleka la kwake katika ofisi ile ile. Ukiyasoma maombi hayo mawili kwa jicho la mtu wa kompyuta, utaona kwamba kimsingi yanaeleza kitu kimoja, yaani njia ya kubana data ili ichukue nafasi ndogo. Ofisi haikuliona hilo. Welch alipewa hataza yake Desemba 1985, na wale wa IBM wakapewa yao Machi 1989. Hesabu ikawa moja, wenyewe wawili, na serikali imewagongea wote muhuri.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila unapozuka mjadala wa kama programu za kompyuta zistahili hataza, watu hukimbilia mifano ya kuchekesha. Watakutajia hataza ya Amazon ya 1999 ya kununua kwa mbofyo mmoja, watacheka, watasema hataza za programu ni za kijinga, basi, kesi imekwisha. Mimi sidhani kwamba ujinga ndio tatizo. Alichobuni Welch si cha kijinga hata kidogo. Ni kitu kizuri sana, na shida inaanzia hapo hapo kwenye uzuri wake.

Hebu tukitazame. Tuseme unataka kutuma maandishi yenye maneno kama wanapokwenda, wanaporudi, wanapolala, wanapoamka. Kompyuta inasoma herufi moja baada ya nyingine. Kila inapokutana na mfuatano ambao haijawahi kuuona, inauweka kwenye orodha na kuupa namba. Ukitokea tena, haitumi herufi zenyewe, inatuma namba. Mwanzoni orodha ina vipande vifupi, herufi mbili tatu, lakini kadiri maandishi yanavyorefuka vipande navyo vinarefuka, mpaka "wanapo" nzima inasafiri kama namba moja. Utamu wenyewe uko mwishoni: orodha haitumwi. Anayepokea anaijenga upya mwenyewe kwa kufuata hatua zile zile, na kwa kila namba inayofika anajua ina maana gani kwa sababu ameshaona yaliyotangulia. Mara ya kwanza kuielewa nilikaa nikaiandika upya kwa mkono wangu, si kwa kuihitaji, kwa raha tu.

Msingi wake haukuwa wa Welch. Ulitoka kwa Abraham Lempel na Jacob Ziv wa chuo kikuu cha Technion, kule Haifa, Israeli, waliouchapisha 1977 na 1978. Welch aliufanya uwe mwepesi na wa kasi, na ndiyo maana njia hiyo ikaitwa LZW, kwa herufi za majina ya wote watatu. Juni 1984 aliieleza hadharani katika jarida la Computer la IEEE, chama cha wahandisi. Makala ilikuwa wazi, rahisi kufuata, na haikumwambia msomaji kwamba kuna ombi la hataza mahali fulani linasubiri. Watu wakasoma, wakaenda kuandika programu. Mwaka ule ule watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa Unix walikuwa tayari na programu ya kubana faili iliyojengwa juu ya njia hiyo.

Mwaka 1987 CompuServe, kampuni ya Ohio iliyokuwa ikiunganisha kompyuta za majumbani kwa njia ya simu, ilihitaji aina ya faili ya picha ambayo ingepita kwenye nyaya za simu bila kumchosha mteja. Kundi la Steve Wilhite likaunda GIF, na ndani ya GIF wakaweka LZW, kwa sababu ilikuwa imechapishwa na ilikuwa nzuri. Hawakujua kwamba ina mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, Sperry ilikuwa imeungana na Burroughs ikazaliwa Unisys, na hataza ya Welch ikarithiwa pamoja na meza na viti.

Kisha ikaja wavuti, na picha karibu zote za wavuti ya mwanzo zilikuwa GIF. Unisys wakaamka. Wakaelewana na CompuServe kimya kimya katikati ya 1994, na mwisho wa Desemba, watu wakiwa bado kwenye mapumziko ya Krismasi, likatoka tangazo kwamba watunzi wa programu zinazotengeneza GIF watatakiwa leseni. Miaka saba faili hiyo ilikuwa imesambaa dunia nzima kama kitu cha wote. Ilipofika 1999 hata wenye tovuti binafsi waliotumia programu zisizo na leseni walitajiwa ada ya dola 5,000 au 7,500. Tarehe 5 Novemba mwaka huo wanaharakati wakatangaza siku ya kuchoma GIF zote. Kuchoma kwenyewe kulikuwa kwa maneno zaidi kuliko moto, ila hasira zilikuwa za kweli.

Jibu la maana zaidi lilishatoka mapema. Januari 1995, siku chache baada ya tangazo la Unisys, Thomas Boutell na wenzake walianza kubuni mtandaoni aina mpya ya picha isiyogusa hataza ya mtu, na Oktoba 1996 PNG ikapitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C. Wanaopenda hataza husema, unaona sasa, hataza imezaa ubunifu! Ni kweli PNG ni nzuri. Lakini watu wale walitumia akili zao kuizunguka karatasi ya kisheria, na hawakuwa wakitatua tatizo la picha ambalo lilikuwa halijatatuliwa. Hataza ya Welch ilikufa Marekani tarehe 20 Juni 2003, na Ulaya, Japani na Kanada mwaka uliofuata. Ndipo GIF ikapumua na kurudi na vile vipicha vinavyotikisika. (Zile "GIF" mnazotumiana kwenye WhatsApp, kwa taarifa yenu, ni video fupi zilizovaa jina la marehemu.)

Sheria ina njia mbili kuu za kumlinda mtunzi wa programu. Moja ni hakimiliki, ile ile inayomlinda mwandishi wa riwaya. Mkataba wa TRIPS wa haki miliki, ulioanza kazi 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, unasema katika ibara ya 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi. Njia ya pili ni hataza, haki ya kuwazuia wengine wote wasitumie uvumbuzi wako, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Watu hulinganisha hizi mbili kwa muda na kwa ada, lakini tofauti inayoniuma mimi ni nyingine. Hakimiliki inamkamata aliyenakili. Hataza inamkamata yeyote, hata ambaye hajawahi kukuona wala kukusikia, aliyejifungia chumbani kwake akafikiri mpaka akafika ulipofika wewe.

Mshairi akitunga shairi la mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, hakimiliki inamlinda asiibiwe beti zake. Mwingine akitunga la kwake kwa mizani hiyo hiyo, tena la kumjibu na kumkosoa, hana kosa, na ndivyo malenga wetu walivyojibizana kwenye magazeti miaka nenda miaka rudi. Sasa chukulia kwamba mtu angeshika hataza ya mizani 16 yenye vina viwili. Kila anayetunga Lamu, Tanga au Unguja angehitaji ruhusa yake, hata kama utunzi alifundishwa na babu yake asiyejua kusoma. Kesi ingepokewa mahakamani, na utetezi wa "mimi nilitunga mwenyewe" usingemfikisha popote.

Mtetezi wa hataza ataniambia nimechagua mfano unaonifaa. Haya, nichukue ule unaomfaa yeye. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT, Marekani, walibuni RSA, njia ya kuficha ujumbe ambapo ufunguo wa kufunga unaweza kumpa kila mtu na ufunguo wa kufungua ukabaki nao peke yako. Benki kwenye intaneti, sahihi za kidijitali, sehemu kubwa ya usalama wa mtandao ilisimama juu ya hesabu ile kwa miaka mingi. Hataza yao ilitolewa 1983. Kama kuna hesabu duniani iliyostahili zawadi, ni hiyo. Lakini Desemba 1997 shirika la ujasusi wa mawasiliano la Uingereza, GCHQ, lilifichua kwamba mtumishi wake Clifford Cocks alikuwa ameifikia njia hiyo hiyo mwaka 1973, ikafungiwa kabatini kama siri ya serikali. Kwa hiyo hata ile tunayoiona kuwa ya kipekee kabisa ilikuwa imezaliwa mara mbili, kwa watu wasiojuana.

Na si bahati. Mashine zinapofika kiwango fulani, wote wanaozitumia wanakutana na ukuta ule ule kwa wakati mmoja, wakiwa na vifaa vile vile mikononi. Kwenye dawa, majaribio yanakula miaka na fedha nyingi, na kugongana kiasi hiki ni nadra. Kwenye programu, anayehitaji njia ya kupanga orodha Ijumaa huwa ameipata Jumatatu, na kuna mwenzake Bangalore aliyeipata Jumapili.

Kuna kichekesho kidogo kwenye kisa cha RSA. Kwa kuwa walitangaza mbinu yao kabla ya kupeleka ombi, nchi nyingi hazingewapa hataza tena, lakini Marekani iliruhusu muda wa neema wa kupeleka ombi baada ya kutangaza. Matokeo yake mtunzi wa programu wa nchi nyingine aliitumia bure huku mwenzake wa Boston, jirani kabisa na wavumbuzi wenyewe, akilipia leseni mpaka Septemba 2000.

Hata hivyo sipendi jinsi upande wangu unavyowafanya watetezi wote wa hataza kuwa mawakili walafi. Mtu anayenifanya nifikiri mara mbili ni Martin Goetz. Tarehe 23 Aprili 1968 alipewa hataza inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya programu, ya njia ya kupanga data. Alikuwa katika kampuni ndogo iitwayo Applied Data Research, na adui yake alikuwa IBM, ambayo enzi hizo ilitoa programu bila malipo ya ziada kwa anayechukua mashine zake. Utamuuziaje mtu programu wakati jitu lile linagawa bure? Kampuni ya Goetz ilikwenda mahakamani dhidi ya IBM mwaka 1969, na mwaka huo huo IBM ikatangaza kwamba itaanza kutenganisha bei za programu na za mashine. Biashara ya kuuza programu peke yake ilipata nafasi ya kupumua. Kwa Goetz hataza ilikuwa kitu cha mnyonge. Bila hiyo, alisema maisha yake yote, mkubwa atachukua wazo lako na hutakuwa na la kumfanya.

Na ukitazama yaliyompata Dan Bricklin utaona alikuwa na hoja. Bricklin na Bob Frankston ndio waliotoa VisiCalc mwaka 1979, jedwali la kwanza la hesabu kwenye kompyuta ndogo, baba wa Excel mnayoitumia kuandaa bajeti za harusi. Waliulizia hataza. Wakili akawaambia uwezekano ni mdogo sana, na ukisoma maamuzi ya mahakama ya wakati ule huwezi kumlaumu. Wakaacha. Lotus 1-2-3, jedwali la kampuni ya Lotus, ikaja 1983 ikawafagia sokoni, na 1985 kampuni yao ikanunuliwa na Lotus hao hao.

Nawaonea huruma, kweli. Halafu najiuliza: wangeipata ile hataza, jedwali la hesabu lingekuwa chini ya ruhusa ya kampuni moja mpaka karibu mwisho wa miaka ya 1990, maana sheria ya Marekani enzi hizo ilihesabu miaka 17 tangu hataza inapotolewa. Ofisi ngapi, shule ngapi, wahasibu wangapi wa mikoani wangesubiri? Bill Gates, ambaye hakuna atakayemwita mjamaa, aliandika katika waraka wa ndani wa Microsoft mwaka 1991 kwamba kama watu wangejua namna hataza zitakavyotolewa wakati mawazo mengi ya leo yalipobuniwa, na wakazichukua, sekta nzima ingekuwa imesimama. Kisha akashauri kampuni ichukue hataza nyingi iwezekanavyo. Sioni unafiki hapo. Ndivyo mchezo unavyomlazimisha kila mwenye uwezo wa kuucheza.

Mahakama nazo zimelisukuma swali hili huku na huko kwa nusu karne. Mwaka 1972, katika kesi ya Benson, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hataza ya kugeuza namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ndani ya kompyuta, ikisema kuiruhusu ni kumkabidhi mtu hesabu yenyewe. Mwaka 1978, kesi ya Flook, ikakataa tena, na Jaji John Paul Stevens akatoa onyo ambalo mpaka leo naliona ndilo neno la busara kuliko yote yaliyowahi kusemwa katika mjadala huu: mwandishi hodari wa maombi ya hataza anaweza kuibandikia karibu fomula yoyote ile kitendo fulani cha mwisho ili ionekane ni zaidi ya fomula. Alichukua mfano wa Pythagoras na pembetatu yake. Mwaka 1981, kesi ya Diehr, mahakama hiyo hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikakubali hataza ya kupika mpira wa viwandani kwa muda unaokokotolewa na kompyuta, kwa sababu mwisho wa yote kulikuwa na mpira unaoshikika.

Mlango ukabaki wazi kidogo, na mawakili wakaupitisha mguu. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza, katika kesi ya State Street, ikasema inatosha kama kinachotoka ni "chenye manufaa, dhahiri na kinachoshikika", na kilichohesabiwa kuwa kinashikika pale kilikuwa bei ya hisa ya mfuko wa uwekezaji. Namba! Kuanzia hapo kila biashara iliyowahi kufanywa kwa kalamu na daftari ikaandikwa upya na maneno "kwa kutumia kompyuta" mwishoni. Pigo kubwa likaja tarehe 19 Juni 2014, kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, ambapo majaji wote tisa walisema kwamba wazo la jumla, kama kumweka mtu wa kati ili pande mbili zisidhulumiane, haligeuki kuwa uvumbuzi kwa kuliingiza tu kwenye kompyuta. Hukumu iliandikwa na Jaji Clarence Thomas. Jambo la ajabu ni kwamba haikusema "wazo la jumla" mipaka yake iko wapi. Mahakama iliona haina haja ya kujisumbua na hilo. Hataza nyingi zimeangushwa kwa hukumu hiyo, lakini mtu anayeuliza kabla ya kuandika programu bado hapati jibu, anapata mahali pa kwenda kubishana baadaye.

Ulaya walijaribu njia ya kuandika jibu ndani ya sheria yenyewe. Mkataba wa hataza wa Ulaya uliosainiwa Munich mwaka 1973 unataja programu za kompyuta waziwazi, kifungu cha 52, miongoni mwa vitu ambavyo si uvumbuzi. Ungedhani mjadala umekwisha. Lakini kifungu kidogo kinachofuata kinaongeza kwamba vitu hivyo vinakataliwa pale tu vinapoombewa hataza "vyenyewe kama vyenyewe". Maneno hayo machache yamelipa ada za shule za watoto wa mawakili kwa miongo kadhaa. Programu yenyewe haipati, lakini programu yenye "athari ya kiufundi ya ziada" inapata, na ofisi ya Munich imeendelea kutoa.

Mwaka 2002 Tume ya Ulaya ikapendekeza mwongozo wa kulinganisha sheria za nchi wanachama kuhusu hataza za programu, na vita ikaanza. Kipande ninachokipenda ni cha Desemba 2004. Waliotaka mwongozo upite walikuwa wameuweka kwenye ajenda ya kikao cha mawaziri wa kilimo na uvuvi, upitishwe bila mjadala kati ya samaki na ruzuku. Poland ikamtuma Włodzimierz Marciński, ofisa wake wa serikali, akasafiri mpaka Brussels kuomba uondolewe kwenye ajenda, ukaondolewa. Ulipita baadaye katika ngazi hiyo, Machi 2005, lakini ulipofika tena katika Bunge la Ulaya tarehe 6 Julai ukaangushwa kwa kura 648 dhidi ya 14, wasioelemea upande wowote 18. Kura kubwa namna hiyo inadanganya kidogo, maana pande zote mbili zilipiga kura ya hapana. Wapinzani wa hataza waliukataa, na kampuni kubwa ziliogopa Bunge lingeujaza marekebisho yasiyozipendeza, zikaona bora ufe. Kwa hiyo hali ikabaki ile ile ya 1973. India, mwaka ule ule, serikali ilitaka kulegeza katazo lake, Bunge likakataa.

Huko mahakamani angalau kuna majaji. Hataza nyingi hazifiki huko. Zinafanya kazi kwa barua.

Mwaka 2011 kampuni iitwayo Lodsys, isiyotengeneza programu yoyote, ilianza kuwaandikia watunzi wadogo wa programu za simu. Ilidai asilimia 0.575 ya mapato yao ya Marekani kwa sababu programu zao zilikuwa na kitufe cha kununua ukiwa ndani ya programu. Kitufe kile hawakukibuni wao, walipewa na Apple kama sehemu ya mfumo, na Apple ilikuwa na leseni ya hataza hizo hizo. Apple ikawaandikia Lodsys kwamba leseni yake inawafunika watunzi wake, Lodsys wakabisha, wakafungua kesi. Asilimia 0.575 si kitu. Ndiyo siri yake. Inakuwa chini ya malipo ya wakili kusoma barua yenyewe. Baadhi ya watunzi wa Ulaya waliona heri waondoe programu zao kwenye soko la Marekani, wakaziondoa.

Wachache wenye kiburi na pesa hugoma. Duka la mtandaoni la Newegg liliposhitakiwa na kampuni ya Soverain kwa sababu ya hataza za "kikapu cha ununuzi", kile kipicha cha kapu kilichoko kila duka la mtandaoni, halikulipa. Amazon walikuwa wameshalipa dola milioni 40 mwaka 2005 kumalizana na Soverain hao hao. Newegg ilishindwa kwanza, ikakata rufaa, na Januari 2013 mahakama ya rufaa ikasema hataza zile hazikustahili kutolewa toka mwanzo, jambo lilikuwa dhahiri kwa yeyote aliyekumbuka maduka ya CompuServe. Miaka yote katikati wengine walikuwa wakilipa.

Huku kwetu mambo yametulia kwa sababu ambayo wengi hawaijui. TRIPS inataka hataza zitolewe katika nyanja zote za teknolojia, na kuna wanaosema ibara hiyo, ya 27, inajumuisha programu, wengine wakijibu kwamba programu zimeshapewa ibara yake ya 10. Lakini nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo zimepewa muda mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya mkataba huo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo. Kenya haimo. Hakimiliki ya programu tunayo tayari, Tanzania kwa sheria ya 1999 na Kenya kwa sheria ya 2001. Kwa vijana wengi ninaowaona wakitunza mifumo ya SACCOS, maduka ya dawa na mabasi ya mikoani, hiyo inatosha. Anayewaumiza ni jamaa aliyebeba msimbo wao mzima kwenye flashi na kuuza kwa jirani kwa nusu bei, na huyo hakimiliki inamtosha kabisa kama mtu atakuwa na subira ya kumfuata.

Nikiulizwa ningeandika nini kwenye sheria, ningeanza na sentensi moja: aliyefika kwenye njia ile ile kwa akili yake, bila kunakili, hana kosa. Wachumi na wanasheria kadhaa wamelipendekeza hilo kwa muda mrefu, na kila mara linajibiwa kwamba litaua hataza kwa sababu kila mtu atadai alifikiri mwenyewe. Labda. Lakini kwenye programu tuna ushahidi ambao fani nyingine hazina, tunaweka historia ya kila mstari wa msimbo, nani aliuandika na lini. Ukinionyesha Goetz wa leo aliyeibiwa na kampuni kubwa, historia hiyo hiyo itamsaidia kuonyesha wizi. Kinachonikera ni kulindwa dhidi ya watu ambao hawakuiba chochote.

Marekani yenyewe haijatulia. Maseneta Thom Tillis na Chris Coons wamewasilisha muswada wa kupunguza nguvu ya hukumu ya Alice, 2023 na tena 2025, na makampuni nayo yamegawanyika.

Mimi swali hili lilinifikia mezani kupitia mkataba. Taasisi moja ya nje ilitaka niiandikie mfumo wa kufuatilia mikopo ya vikundi vya akina mama. Kazi ya kawaida: wanachama, hisa, marejesho, faini za kuchelewa. Lakini kifungu kimoja kilinitaka nihakikishe kwamba mfumo hauvunji hataza yoyote, popote duniani, na kwamba ikifunguliwa kesi gharama zote ni juu yangu. Nilimpelekea dada mmoja wakili tuliyesoma naye sekondari. Akasoma mara mbili.

"Kaka, hata ofisi yenyewe ya hataza haiwezi kusaini hiki."

"Sasa nifanye nini, nikatae kazi?"

"Usikatae. Ahidi unachokijua. Kwamba hujanakili kazi ya mtu. Orodhesha kila maktaba ya msimbo uliyotumia na leseni yake. Kuhusu hataza andika kwa kadiri unavyofahamu, na dhima yako isizidi ulicholipwa. Zaidi ya hapo wakate bima wao."

Waliozungumza nami upande wa pili hawakuwa watu wabaya, walikuwa wamenakili kifungu hicho kutoka mkataba mwingine, kama kila mtu anavyofanya. Tulivutana kwa barua pepe. Wakakubali la kufahamu na orodha ya leseni, wakakataa kikomo cha dhima, mwishowe tukakubaliana mara mbili ya malipo badala ya mara moja. Sasa maneno hayo nayaweka mwenyewe kwenye kila mkataba kabla mteja hajaleta ya kwake. Akitaka kuyafuta, tunarudi kuzungumza bei.